Alizeti za Lviv, Misumari ya Coventry

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali njema, na mara nyingi imezima ugomvi wa nyumbani kabla cheche haijafika kwenye paa. Lakini wazee hao hao walisema pia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ziweke methali hizo mbili bega kwa bega, utaona kuwa zinavutana. Ya kwanza inamwambia aliyeumizwa: yaache yapite. Ya pili inamgeukia huyo anayetoa shauri na kumwuliza: wewe unayesema hivyo, ulilala kitanda hicho?

Leo nakualika katika safari inayoufuata mvutano huo. Tutatembea katika miji miwili ya Ulaya iliyoungua katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mmoja ni Lviv, ulioko magharibi mwa Ukraine, ambako Myahudi mmoja aliombwa msamaha na mtu aliyewaua Wayahudi wengine. Wa pili ni Coventry, ulioko katikati ya Uingereza, ambako Wakristo walisimama juu ya majivu ya kanisa lao wakalazimika kuamua watasema nini juu ya wale waliolichoma. Nakuomba, ndugu yangu, usifanye haraka kuamua ni dini ipi iliyo na huruma zaidi. Watu wengi wameifanya haraka hiyo, na wengi wamekosea.

MJI WENYE MAJINA MENGI

Lviv ni mji mkongwe ambao umebadili wenyeji na majina. Chini ya wafalme wa Austria uliitwa Lemberg. Kati ya vita kuu mbili ulikuwa wa Poland, ukiitwa Lwów. Mwaka 1939 ukatwaliwa na Warusi wa Kisovieti, na mwishoni mwa Juni 1941 majeshi ya Hitler yakaingia. Hata leo mji huo haujapata utulivu wake wote, maana katika vita vilivyoanza Februari 2022 nao umepigwa makombora.

Ukifika katikati ya mji wa kale utakuta njia nyembamba za mawe, makanisa ya madhehebu mbalimbali, na tramu zinazolia kwenye kona. Hapo utaona pia ukuta uliobomoka, umesimama peke yake. Huo ndio mabaki ya sinagogi la Waridi wa Dhahabu, lililojengwa mwaka 1582 na kubomolewa na Wanazi. Kabla ya vita Wayahudi wa mji huu walizidi laki moja, karibu theluthi ya wakazi wote. Walikuwa washonaji, waalimu, madaktari, wachuuzi na wanafunzi. Vita vilipokwisha walibaki wachache mno. Mbele ya ukuta huo hakuna umati wa waumini unaoweza kuulizwa kama umesamehe au la. Likumbuke jambo hilo, kwani tutalirudia.

Ukitoka hapo ukaelekea kwenye Chuo Kikuu cha Ufundi, utaliona jengo zuri la karne ya 19, lenye nguzo na sanamu. Mmoja wa waliosomea usanifu wa majengo katika chuo hicho ni Simon Wiesenthal, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1908. Baada ya vita alijulikana duniani kote kwa kazi ya kuwasaka Wanazi waliojificha ili wafikishwe mahakamani, na alifariki Vienna mwaka 2005. Lakini wakati wa vita alikuwa mfungwa katika kambi ya Janowska, pembezoni mwa mji huu huu, na kile chuo chake kilikuwa kimegeuzwa hospitali ya majeruhi wa Kijerumani.

SIRI YA CHUMBA CHA MGONJWA

Katika kitabu chake kiitwacho Alizeti, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1969, Wiesenthal anasimulia kwamba siku moja wafungwa walipelekwa hospitalini hapo kufanya kazi za sulubu. Njiani walipita makaburi ya askari wa Kijerumani. Juu ya kila kaburi lilisimama ua la alizeti. Yeye, aliyejua kwamba akifa atatupwa katika shimo moja na maiti wengine, akawaonea wivu wale wafu. Hata katika kifo askari hao walikuwa na ua la kuwaunganisha na jua, ilhali yeye hakuahidiwa hata kaburi.

Alipokuwa akibeba taka, muuguzi mmoja alimwuliza kama yeye ni Myahudi, kisha akamwita ndani. Chumbani alilala askari kijana wa kikosi cha SS, kichwa chote kimefungwa bandeji, anakufa. Jina lake Karl, umri wake miaka 21. Alilelewa katika nyumba ya Kikatoliki, na baba yake hakupendezwa alipojiunga na vijana wa Hitler. Sasa mauti yalikuwa mlangoni, na kijana alitaka kuungama.

Alisimulia kwamba katika mji mmoja kikosi chake kiliwasukuma Wayahudi, wanawake na watoto wakiwamo, ndani ya nyumba iliyowekwa petroli, kisha kikaitia moto. Waliojaribu kurukia nje walipigwa risasi. Karl alimwona baba mmoja dirishani, nguo zimeshika moto, amembeba mtoto na kumfunika macho kwa mkono, kisha akaruka. Picha hiyo haikumtoka tena. Akamwomba huyu Myahudi aliyesimama kando ya kitanda amsamehe, ili afe kwa amani.

Wiesenthal alimsikiliza mpaka mwisho. Alimfukuzia inzi usoni. Hakumtukana wala hakumkemea. Lakini hakutamka neno la msamaha. Aliondoka kimya.

Kesho yake muuguzi alimweleza kwamba kijana amekufa na kumwachia vitu vyake. Alivikataa, akasema vipelekwe kwa mama wa marehemu. Baada ya vita alimtafuta mama huyo huko Ujerumani. Alimkuta mjane, peke yake, akimkumbuka mwanawe kuwa kijana mwema. Wiesenthal hakumwambia ukweli. Alimwachia kumbukumbu yake, akaenda zake.

Hapo ndipo anapomgeukia msomaji na kuuliza: ungekuwa wewe, ungefanya nini?

KUSAMEHE KWA NIABA YA NANI?

Rafiki yake mmoja kambini, mcha Mungu aitwaye Josek, alimwambia kwamba alitenda haki. Kama kijana yule angekuwa amekukosea wewe, ungeweza kumsamehe. Lakini waliochomwa si wewe, nao hawakukupa uwakilishi.

Maneno hayo hayakutoka katika ugumu wa moyo. Yalitoka katika mafundisho ya kale ya dini yake. Mishna, mkusanyiko wa sheria za Kiyahudi uliokamilishwa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, inafundisha kwamba Siku ya Upatanisho, ile siku kuu ya kufunga na kutubu, inafuta makosa ya mtu kwa Mungu. Makosa ya mtu kwa mwenzake haifuti, mpaka kwanza amwendee mwenzake na kumridhisha. Ndiyo maana Wayahudi washikao dini, katika siku zinazotangulia mfungo huo, huwaendea jirani, ndugu na wenzi wao wa kazi kuwaomba radhi. Huwezi kumruka uliyemdhulumu ukaenda moja kwa moja mbinguni.

Mwanachuoni mkubwa Musa bin Maimun, aliyefia Misri mwaka 1204, alizipanga taratibu hizo kwa uwazi. Aliyeiba na arudishe. Aliyeumiza na alipe, kisha aombe radhi. Akikataliwa, arudi na watu watatu. Akikataliwa tena, arudi mara ya pili na ya tatu. Baada ya hapo, anayeendelea kukataa ndiye mwenye dhambi, kwa sababu haifai mtu kuwa mkatili asiyeridhika. Na kama aliyekosewa amekufa, mkosaji aende kaburini na watu kumi, aseme mbele yao alichomfanyia marehemu.

Angalia basi, ndugu msomaji. Wasemao kwamba Uyahudi haujui kusamehe hawakuyasoma hayo. Uyahudi unamwamuru aliyekosewa asishupaze shingo. Lakini unamwamuru mkosaji atangulie, tena atangulie kwa vitendo. Na mauaji yanaleta tatizo lisilo na ufumbuzi hapa duniani, kwa sababu yule pekee mwenye haki ya kusamehe amekwisha nyamazishwa.

Abraham Joshua Heschel, mwalimu wa dini mzaliwa wa Warsaw aliyekimbilia Marekani, alilijibu swali la Wiesenthal kwa kisa. Rabi mmoja mashuhuri wa mji wa Brisk alikuwa akisafiri kwa gari moshi. Wafanyabiashara waliokuwa wakicheza karata wasimjue ni nani, na mmoja akamfanyia ufidhuli na kumtoa katika chumba chao. Walipofika, yule mtu akaona umati umekuja kumlaki mzee huyo. Akashikwa na aibu, akaomba radhi, rabi akakataa. Akaomba tena na tena. Mwishowe rabi akaeleza kwamba mimi siwezi kumsamehe, kwa sababu hakunikosea mimi aliyenijua kuwa rabi. Alimkosea mtu wa kawaida asiye na jina. Na akamwombe radhi huyo.

JIBU LA MWANAFUNZI WA UPADRE

Lakini kitabu hicho hicho kina sauti nyingine. Baadaye Wiesenthal alipelekwa kambi ya Mauthausen huko Austria, na huko alikutana na kijana wa Kipolandi, Bolek, aliyekuwa akisomea upadre. Naye alikuwa mfungwa, naye alikuwa ameonja mateso ya Wanazi. Bolek aliona kwamba kijana anayekufa alikuwa ametubu kweli, hakuwa na njia nyingine ya kurekebisha uovu wake, na kwa hiyo alistahili huruma ya neno moja.

Hilo nalo lina mizizi mirefu. Mkristo hufundishwa tangu utotoni kumwomba Mungu msamaha huku akiahidi kuwasamehe wengine. Petro alipouliza kama mara saba zinatosha, alipewa hesabu isiyokwisha. Na juu ya yote, Mkristo hutazama msalabani, ambako Yesu aliwaombea waliokuwa wakimwua, nao hawakuwa wamemwomba radhi. Kwa hiyo, kwa Wakristo wengi, msamaha ni zawadi inayoweza kutangulia toba, hata kuizaa. Toleo la kitabu hicho la mwaka 1997 lina majibu ya watu 53 kutoka dini na nchi mbalimbali. Waandishi wa Kiyahudi kwa jumla waliuliza kwanza ni nani mwenye haki ya kusamehe, na wa Kikristo wengi wakauliza kwanza ni nani anayehitaji rehema.

Basi na tuwafuate Wakristo hao hadi mahali ambapo wao wenyewe walipigwa. Tuvuke bahari twende Uingereza.

MISUMARI MITATU

Kutoka London ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari moshi. Coventry ni mji wa wafanyakazi. Ulipata sifa kwa baiskeli, magari na mitambo ya ndege, na viwanda hivyo ndivyo vilivyowavutia marubani wa Kijerumani. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 mabomu yalianguka kwa muda wa saa 11 hivi. Watu zaidi ya 500 waliuawa, na zaidi ya nyumba 4,000 ziliharibika kabisa. Kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli, lililojengwa tangu zama za kati, liliungua hadi zikabaki kuta na mnara.

Leo kuta hizo zingali zimesimama bila paa. Mvua inanyesha mahali palipokuwa na viti vya waumini. Ubavuni mwake limejengwa kanisa jipya, lililowekwa wakfu mwezi Mei 1962. Baada ya ule usiku wa moto, mwashi wa kanisa aliona boriti mbili zilizoungua zimeanguka kwa umbo la msalaba. Akazifunga pamoja, akazisimamisha kifusini. Kasisi mmoja akaokota misumari mitatu ya paa la kale, akaifanya msalaba mwingine. Misalaba ya misumari ya namna hiyo imepelekwa nchi nyingi, Ujerumani ikiwa miongoni mwake.

Mkuu wa kanisa hilo, Richard Howard, alitangaza redioni siku ya Krismasi ya mwaka huo huo, akiwa katika magofu, kwamba wajitahidi kuufukuza moyo wa kulipa kisasi. Baadaye aliamuru maneno mawili tu yaandikwe ukutani nyuma ya madhabahu iliyoungua. Ni maneno ya kumwomba Baba asamehe.

Simama hapo kidogo, ndugu msomaji, uyatafakari maneno hayo. Howard hakuandika kwamba sisi watu wa Coventry tumewasamehe Wajerumani. Angewezaje? Je, mama aliyefukua kifusi kumtafuta mwanawe alikuwa amemtuma? Yeye alimwomba Mungu. Tena hakuandika asamehewe nani. Neno la kuwataja “hao” aliliacha kwa makusudi, kwa sababu aliamini kwamba hakuna taifa lililo safi. Na kweli, Februari 1945 ndege za Waingereza na Wamarekani ziliuteketeza mji wa Dresden, Ujerumani, na watu wapatao 25,000 wakafa.

Ghafla unatambua kwamba ukuta wa Coventry na ukimya wa Lviv haviko mbali kama ulivyodhani. Wiesenthal alikataa kusema kwa niaba ya wafu. Howard naye, alipoandika, hakusema kwa niaba yao. Alilipeleka shauri kwa Mungu.

MIKONO ILIYOTANGULIA KUOMBA

Kuna jambo moja zaidi kabla hatujarudi nyumbani. Mwaka 1958 jaji wa Kijerumani, Lothar Kreyssig, ambaye wakati wa Hitler alithubutu kupinga mauaji ya wagonjwa wa akili, aliwaita Wakristo wenzake waanzishe kazi ya toba. Hakutaka Wajerumani waende kwa Wayahudi, Wapolandi na Warusi kudai msamaha. Alitaka waombe ruhusa tu: ruhusa ya kutenda jambo jema kwa mikono yao katika nchi walizozivunja.

Mwaka 1961 vijana wa mpango huo walifika Coventry, wakafanya kazi ya kujenga upya vyumba vilivyobomolewa kando ya kanisa. Mwaka huo huo wengine walianza kazi Israeli, kwa Wayahudi. Na mwaka 1965 vijana wa Coventry nao wakaenda Dresden kusaidia kujenga hospitali iliyopigwa mabomu na jeshi la nchi yao.

Tazama, Wakristo hao walikuwa wakitenda kile ambacho Musa bin Maimun alikiandika: tangulia, rudisha, tengeneza, ndipo uombe. Wala hawakukiazima ugenini. Injili yenyewe inamwambia anayeleta sadaka aiache madhabahuni, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Zakayo mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne. Mchungaji Dietrich Bonhoeffer, aliyenyongwa na Wanazi mwezi Aprili 1945, aliwaonya Wakristo wenzake juu ya neema rahisi, yaani msamaha unaogawiwa bila toba. Na ikumbukwe kwamba kwa karne nyingi Wakristo wenyewe ndio waliowatesa Wayahudi wa Ulaya. Papa Yohane Paulo wa Pili alipokwenda Yerusalemu mwaka 2000 aliweka katika Ukuta wa Magharibi karatasi ya kumwomba Mungu msamaha kwa maovu hayo. Mtesi wa jana hana uso wa kumhubiria aliyeteswa wajibu wa kusamehe.

TURUDI NYUMBANI

Pengine utasema kwamba hayo ni ya Ulaya. Lakini fikiri juu ya vikao vyetu vya ukoo. Mume amemvunja mkewe mkono; au mjomba ameuza kiwanja cha yatima. Wazee wanaketi, soda zinanywewa, na kabla mkosaji hajafungua kinywa, macho yote yanamgeukia aliyeumizwa: “Mwanangu, samehe, yaishe.” Mama anaitikia kwa kichwa kwa sababu amechoka. Yatima wananyamaza kwa sababu ni wadogo. Tunaondoka tukisifu hekima yetu, na kiwanja hakijarudi.

Safari yetu haikutupa ruhusa ya kulea chuki. Wayahudi na Wakristo wote wawili wanasema kwamba moyo usiosamehe kamwe unamwangamiza mwenyewe. Lakini miji hii miwili inatufundisha kuugeuza mpangilio wa kikao. Macho na yamtazame kwanza mkosaji. Aseme alichotenda bila kukipunguza. Arudishe kinachorudishika. Aende mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha tumwachie aliyeumizwa neno lake, kwa wakati wake. Akilitoa, ni zawadi, na zawadi haidaiwi.

Na kwa wale ambao hawako tena kulitoa, yule baba wa dirishani na mtoto aliyefunikwa macho, sisi tuliobaki tunaweza kuwakumbuka na kuwaombea. Tunaweza pia kuwalaki watoto wa waliokosa wakija na mikono iliyo tayari kwa kazi. Kuwasamehea hatuwezi. Kitanda kile hatukukilalia.